Ile mnayoiita "ya akina mama" ina asilimia 17: habari za likyua

Leo tuongee habari za chupa.

Nilikuwa kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu. Tumefika kwenye kipengele cha vinywaji, mhazini anasoma: bia kreti kadhaa, soda kreti kadhaa, maji, mvinyo, halafu "Amarula chupa kumi na mbili, kwa ajili ya akina mama na wageni wasiokunywa pombe". Nikauliza, wasiokunywa pombe wanapewaje Amarula? Kikao kizima kikanigeukia kama nimeuliza swali la kitoto. Mzee mmoja akanijibu kwa upole: "Mwanangu, ile si pombe. Ile ni maziwa yana kaukali kidogo."

Basi nikaona hapa kuna kazi. Maana shangazi yangu mwenyewe, mama wa kanisani kabisa, kwenye send-off moja alijaziwa glasi ya maji ikafika juu, akaipiga kama mtindi, akaomba nyingine. Kilichofuata familia tumekubaliana hakisimuliwi. Hakuna aliyemdanganya kwa makusudi. Aliyemmiminia hakujua, na yeye hakujua. Chupa ilikuwa imeandikwa, ila nani anasoma nyuma ya chupa kwenye sherehe?

Tuanze na jina. Kinywaji cha aina hii Wazungu wanakiita likyua. Sisi mtaani hatuna jina lake, tunataja chapa tu: "niletee Baileys", "niletee Amarula". Likyua ni pombe kali iliyotiwa sukari na ladha. Pombe kali maana yake ni ile iliyokenekwa, yaani imechemshwa, mvuke ukapoozwa na kurudi kuwa maji, kanuni ile ile inayopika gongo kule vichochoroni. Ukishapata ile spiriti unaitia sukari, halafu matunda, mitishamba, kahawa, maganda ya machungwa, krimu, chochote kile. Umoja wa Ulaya wameliwekea jambo hili sheria, ya sasa ni ya mwaka 2019. Ili chupa iitwe likyua inatakiwa iwe na kilevi kisichopungua asilimia 15, na sukari isiyopungua gramu 100 kwa lita, ukiacha aina chache zilizoruhusiwa kushuka kidogo. Gramu 100 kwa lita ni karibu sawa na soda yako. Na hicho ndicho kiwango cha chini. Ile ya zabibu nyeusi ndogo za Wafaransa, crème de cassis, lazima iwe na gramu 400 kwa lita. Kijiko cha chai kinabeba kama gramu nne, kwa hiyo ni vijiko mia moja kwenye lita moja.

Konyagi si likyua, haina hiyo sukari. Wiski, vodka na jini za kawaida nazo si likyua. Ila Zanzi ile ya krimu inayotoka Tanzania Distilleries, hiyo ni likyua.

Sasa hesabu, na hii naomba mwanafunzi yeyote aliyepita form two aihakiki mwenyewe. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kilevi kitupu. Amarula na Baileys zote ni asilimia 17. Toti ya mililita 50 ina mililita 8.5 tu, ndogo kweli, hapo wanaoitetea wako sahihi. Lakini jaza glasi ya maji ya mililita 200: ni mililita 34. Hiyo tayari imeipita bia moja, na unaimaliza kwa dakika mbili kwa sababu tamu. Chupa nzima ya mililita 750 ni sawa na bia tano na ushee. Shangazi alipiga glasi mbili. Piga hesabu.

Na hapo ndipo kuna siri ya soko lote hili. Likyua ilianza kama dawa. Elimu ya kukeneka iliingia Ulaya kupitia kwa wataalamu wa Kiarabu (neno lao al-anbiq ndilo limezaa jina la chombo cha kukenekea katika lugha nyingi za Ulaya), watawa na waganga wakawa wanaloweka mitishamba kwenye spiriti, na kwa kuwa dawa ni chungu wakaweka sukari. Karne zikapita, ugonjwa ukasahaulika, utamu ukabaki. Kwa hiyo tangu mwanzo kazi ya sukari ilikuwa kuficha kitu. Zamani ilificha uchungu wa majani. Leo inaficha kilevi.

Mtu aliyelielewa hilo kuliko wote, na bila kutumia muda mwingi, ni David Gluckman. Mwaka 1973 alikuwa na mwenzake Hugh Seymour-Davies kwenye ofisi ndogo mtaa wa Soho, London, kazi yao ni kubuni vinywaji vipya kwa kampuni kubwa. Wakaletewa oda: kampuni ya Gilbeys ya Ireland inataka kitu kipya cha kuuza nje ya nchi. Gluckman miaka ya nyuma alikuwa ameshiriki kutengeneza jina la siagi ya Kerrygold, kwa hiyo akisikia Ireland kichwani inakuja ng'ombe, majani mabichi, maziwa. Akasema: tukichanganya wiski ya Ireland na krimu je? Wakatoka, wakanunua wiski na krimu dukani, wakachanganya. Ikawa mbaya. Wakarudi dukani, wakaleta sukari na unga wa chokoleti wa Cadbury. Kwa maelezo yake mwenyewe, kazi yote ilichukua kama dakika 45. Jina wakaliokota kwenye bango la mgahawa uliokuwa chini ya ofisi yao. Yule "R.A. Bailey" mwenye sahihi kwenye chupa hajawahi kuwepo duniani. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu, maana kuna jamaa aliwahi kunieleza kwa kirefu kwamba mzee Bailey alikuwa mkulima.

Kilichonifurahisha zaidi ni majaribio. Kabla ya kuingia sokoni waliwaonjesha watu. Wanaume wakasema hiki ni kinywaji cha kike. Wanawake nao wakasema kinafanana na dawa ya kuzuia kuharisha. Kwa utafiti wa namna hiyo, kampuni yenye akili zake ingeacha. Gluckman anasimulia kwamba waliweka chupa mbili kwenye baa moja ya mtaani London waone nani atainywa, wakaingia polisi wawili, wanaume wenye vifua, wakaimaliza chupa. Baileys ikaingia sokoni mwishoni mwa 1974. Mwaka 2007 wakatangaza wameuza chupa ya bilioni moja.

Kwa hiyo wale mnaosema "hii ya akina mama", kumbukeni wateja wa mwanzo wa kinywaji hiki walikuwa askari kanzu zimebana.

Halafu kuna jambo la uchumi hapo ambalo wengi hawalioni. Ireland ilikuwa na maziwa ya ziada, na serikali yao ilikuwa inawapa unafuu wa kodi wanaouza nje. Krimu ikiwa krimu inaharibika kwa siku chache. Krimu ikichanganywa na spiriti, mafuta yakasagwa yakawa matone madogo kabisa yasiyojitenga, inakaa miaka miwili bila dawa ya kuhifadhi, kwa sababu kilevi chenyewe ndicho kinaihifadhi. Unasafirisha maziwa ya Ireland mpaka Brazil kwenye chupa, kwa bei mara nyingi ya maziwa. Hiyo ndiyo biashara.

(Kwa wanaouza na wanaohifadhi: miaka miwili hiyo ni kuanzia siku ya kutengenezwa, na sehemu isiyozidi nyuzi joto 25. Chupa iliyokaa dirishani inapigwa jua la Dar miezi sita usiishangae ikitoka na mabonge. Na usichanganye likyua ya krimu na limau, pasheni wala tonic. Tindikali inakata maziwa palepale, utapata jibini ndani ya glasi.)

Tuje kwetu Afrika. Amarula imetoka Afrika Kusini, ile ya krimu iliingia sokoni mwaka 1989, miaka kumi na tano nyuma ya Baileys, na hawakuficha kwamba wanatembea njia ile ile. Tofauti ni kwamba badala ya wiski wao wana tunda. Tunda lenyewe ni marula, na hapa ndipo naomba ndugu zangu wa Dodoma, Singida na Shinyanga mkae vizuri: mti huo ni mng'ongo. Ule ule wa kwenu. Ule ambao watoto wanaokota ng'ongo chini wakitoka shule, wanafyonza, wanatupa kokwa.

Kule Limpopo, maeneo ya Phalaborwa, kuanzia Januari mpaka Machi wanavijiji, wengi wao wanawake, wanaokota matunda na kuyauza kwa uzito. Hayachumwi juu ya mti, yanaanguka yenyewe yakiwa ya kijani na yanaivia chini. Tena ni miti ya kike tu inayozaa, ya kiume inatoa maua na kivuli. Nyama ya tunda inatenganishwa na kokwa, inachachushwa kama mvinyo, inakenekwa, spiriti inalazwa miaka miwili kwenye mapipa ya mwaloni, mwisho ndiyo inakutana na krimu. Yule tembo kwenye lebo si pambo tu: tembo kweli anaipenda ng'ongo. Ila hadithi ya kwamba tembo wanalewa kwa kula matunda yaliyochacha chini ya mti, ile iliyosambazwa na filamu ya mwaka 1974 ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, ina mgogoro. Wanasayansi wa Bristol walipiga hesabu mwaka 2006 wakasema mnyama mkubwa vile hawezi kulewa kwa njia hiyo, angehitaji matunda mengi mno kwa muda mfupi. Mwaka 2020 wengine wakaja na hoja kwamba mwili wa tembo hauna uwezo kama wa binadamu wa kuvunja kilevi, kwa hiyo tusiwahi kufunga faili. Mie nimeiacha hapo.

Ninachotaka muone ni mnyororo. Mwokotaji anavuna miezi mitatu. Mwenye chapa anauza miezi kumi na miwili, katika nchi zaidi ya mia moja, Brazil na Ujerumani zikiwa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Kampuni iliyokuwa na chapa hiyo, Distell, iliundwa mwaka 2000 kwa kuunganisha kampuni mbili za huko huko Stellenbosch. Ilianza kununua hisa kwenye Kenya Wine Agencies mwaka 2014 na mwaka 2017 ikapita nusu. Kisha mwaka 2023 Distell yenyewe ikanunuliwa na Heineken, Waholanzi wa bia. Yaani ng'ongo ya Limpopo imeshapanda ngazi mpaka Amsterdam. Ya Dodoma bado iko chini ya mti. Sisemi kila tunda liwe pombe, wapo watakaonishukia. Nasema mtu aliyetazama tunda la porini akaona bidhaa hakuwa na tunda tusilokuwa nalo.

Nimeulizwa pia na kijana mmoja anayefanya kazi baa kwamba hivi soko hili linakua au linashuka. Ukiingia mtandaoni utakutana na ripoti nyingi zinazouzwa kwa maelfu ya dola, kila moja inakupa kurasa mbili za bure zenye mishale inayopanda, na tarakimu za hii hazifanani na za ile. Mie nakushauri usiangalie mishale, angalia wenye viwanda wanafanya nini na chupa zao. Wao hawafanyi mzaha na hela yao.

Angalia Kahlúa. Hii ni likyua ya kahawa ya Mexico, ya tangu mwaka 1936 kule Veracruz. Miaka mingi ilikuwa na asilimia 26.5. Mwaka 2004 ikashushwa mpaka 20. Mwaka 2021 ikashushwa tena mpaka 16. Chupa ile ile, rangi ile ile. Kampuni inasema watu wanataka vinywaji vyepesi, na ni kweli, vijana wa Ulaya na Marekani wanakunywa kidogo kuliko wazazi wao walivyokunywa. Lakini mie Mswahili nakumbuka kwamba nchi nyingi zinatoza kodi kwa kiasi cha kilevi, na spiriti ndiyo kitu cha gharama ndani ya chupa. Ukipunguza kilevi umepunguza gharama, na mteja anakushukuru. Na mauzo yake yamebebwa na kokteli moja ya kahawa iliyobuniwa London miaka ya themanini na mhudumu wa baa Dick Bradsell, espresso martini, iliyokuja kufufuka kwa kishindo miaka hii ya 2020. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro au Kagera pengine hajawahi kuisikia.

Baileys nao. Kuanzia mwaka 2008 hivi mauzo yao yalidorora kwa miaka kadhaa. Watu walikuwa wanainunua Krismasi, wanaifungua, inabaki kabatini mpaka Krismasi nyingine. Wakafanya jambo la ajabu: wakaacha kuiuza kama likyua. Wakaanza kushindana na keki na aiskrimu. Imwagie kwenye kahawa, imwagie kwenye aiskrimu, weka kwenye keki. Kwanza walijaribu njia ya akina dada wasomi, wakadhamini ile tuzo ya riwaya za wanawake kule Uingereza kati ya 2014 na 2017 (dada yetu Chimamanda aliteuliwa mshindi wa washindi mwaka 2015 tuzo ikiwa na jina lao). Halafu ikaja ya maziwa ya lozi kwa wasiotumia maziwa ya ng'ombe, ikaja yenye sukari na kalori pungufu mwaka 2021. Mtu akikuuzia pombe kwa kukuambia imepunguzwa kalori, ujue anaongea na mtu ambaye tayari ameshasahau kwamba ni pombe.

Upande wa pili kuna Waitaliano, wao wamekwenda kinyume na utamu. Aperol ilizaliwa Padua mwaka 1919, ina asilimia 11 tu, rangi ya chungwa, ina uchungu uchungu. Kwa sheria niliyoitaja juu, hata haifiki kuitwa likyua! Kampuni ya Campari ikaichukua mwaka 2003 ilipokuwa inajulikana kaskazini mwa Italia na kidogo kwa majirani. Wakaifundisha dunia kitu kimoja tu: sehemu tatu mvinyo wa mapovu, sehemu mbili Aperol, sehemu moja soda, barafu, kipande cha chungwa. Hakuna ufundi, mhudumu yeyote anaweza. Glasi kubwa, rangi inayopiga picha vizuri. Simu zenye kamera zilipoenea, kila mtu akawa mtangazaji wao wa bure. Sasa ndiyo chapa inayouza kuliko zote kwenye kampuni hiyo, imempita mwenye nyumba Campari mwenyewe.

Nikisema matangazo, wapenzi wa mpira nimewawekea yenu. Mnajua fulana za timu za Ujerumani zilianzaje kuwa na wadhamini kifuani? Ni likyua. Jägermeister ni likyua ya mitishamba 56, asilimia 35, ilianzishwa na Curt Mast kule Wolfenbüttel, ikaingia sokoni mwaka 1935. Nembo yake ni kichwa cha paa dume mwenye msalaba kati ya pembe. Mwaka 1973 mpwa wake, Günter Mast, akataka kuiweka kwenye fulana za Eintracht Braunschweig. Chama cha mpira kikakataa, matangazo kifuani marufuku. Wakajibu: sawa, si tangazo, ni nembo ya klabu. Wanachama wakapiga kura, wakaibadilisha nembo ya klabu ikawa yule paa! Machi 24 mwaka huo wakaingia uwanjani dhidi ya Schalke na paa kifuani. Miezi michache baadaye chama kikaruhusu udhamini kwa wote. Kila fulana ya Bundesliga unayoiona mtumbani Manzese ina deni kwa chupa hiyo.

Marekani ilienda tofauti. Mwagizaji wao, Sidney Frank, alikuwa anaiuza kwa wazee wenye asili ya Kijerumani. Mwaka 1985 gazeti moja la Baton Rouge, Louisiana, likaandika kwamba wanafunzi wa chuo wanaipenda, likarudia uvumi kwamba ina vitu ndani yake kama dawa ya usingizi. Kampuni nyingine ingekimbilia mahakamani. Frank akaitoa kopi makala ile, akaibandika kwenye baa za vyuo. Vijana wakamiminika. Hakukuwa na dawa yoyote, kulikuwa na asilimia 35 inayonywewa baridi kali, na ubaridi unaua ladha kama sukari inavyoiua. Baadaye ikaja kuchanganywa na vinywaji vya kuongeza nguvu, na hapa nawaambia vijana wenzangu bila kuwatisha: kafeini haipunguzi pombe mwilini, inakuzuia tu kusikia usingizi. Umelewa vilevile, ila hujui. Chupa moja ya mililita 700 ya hiyo kitu inakaribia bia kumi.

Si wote wanaokimbilia kukua. Kuna watawa wa Kikartusi milimani Ufaransa wenye Chartreuse, ya kijani ina asilimia 55, mimea 130, hati ya mapishi yake waliipata mwaka 1605, na watawa wawili watatu tu ndio wanaoijua yote. Dunia ilipoingia wazimu wa kokteli, oda zikafurika. Mwaka 2021 wakaamua hawaongezi. Wakaishia kama chupa milioni 1.6 kwa mwaka, wakasema wao wapo kwa ajili ya sala na ukimya, si kupanua kiwanda. Wenye baa wa New York wakaanza kugombania chupa. Nadhani ndio wafanyabiashara pekee niliowasoma waliokuwa na soko wakaliambia basi.

Hata kwa wengine njia si lami tupu. Oktoba 2019 Marekani ilizipiga likyua za Ireland, Italia, Ujerumani, Hispania na Uingereza ushuru wa asilimia 25, sababu ikiwa ugomvi wa ndege za Airbus. Ndiyo, ndege. Ikaja kusimamishwa 2021. Wakati wa korona baa zilifungwa, watu wakajifunza kuchanganya kokteli majumbani, chupa zikatoka. Baa zilipofunguka wengi walikuwa bado wana stoo imejaa, na Novemba 2023 Diageo, ambao ndio wenye Baileys tangu kampuni hiyo iundwe mwaka 1997, wakatoa onyo kwamba faida itayumba kwa sababu ya Amerika ya Kilatini na Karibi.

Kwa hapa kwetu mwelekeo ninaouona ni wa ladha kuhamia kwenye pombe kali za kawaida. Uganda Waragi wana ya nazi na ya nanasi. Ile haina sukari ya likyua lakini mchezo ni ule ule: mtu asiyependa ukali anaonjeshwa nanasi. Viroba vilipigwa marufuku Tanzania Machi 2017 kwa sababu mtoto wa shule aliweza kukiweka mfukoni. Chupa nzuri yenye utepe wa dhahabu haiwezi kuingia mfukoni, na bei yake inaichuja. Lakini mezani kwenye harusi haina bei, kamati imeshalipa.

Kwa hiyo turudi kwenye kamati. Nilileta chupa tupu kikao kilichofuata, nikampa yule mzee miwani yake, nikamwomba asome nyuma kwa sauti. Akasoma. Akanyamaza kidogo, akasoma tena ile namba. Halafu akamwambia mhazini afute yale maneno "wageni wasiokunywa pombe" na aandike juisi ya ukwaju. Chupa zikashuka kutoka kumi na mbili mpaka tano. Tukakodi vile vyombo vidogo vya mililita 50, na ndoo ya barafu, na kijana mmoja wa kumimina ambaye tulimwambia asijaze glasi ya maji hata akiombwa na mama mkwe.

Shangazi alikuwepo. Alichukua kimoja, akakishika muda mrefu, akaniita: "Njoo hapa, hiki ni bia ngapi?" Nikamwambia ni theluthi moja ya bia, shangazi. Akakinywa taratibu mpaka keki inakatwa, akaomba chai ya tangawizi.